«Kill»: amri ya tangu 1973 iliyopata msomaji mpya

Kila mwenye telefone ya Android amekwisha kukutana na maneno «Forcer l'arrêt». Programu imekwama, haijibu, sauti haitoki. Mtu anaingia katika mipangilio, anafinya pale, na mbele ya kutii telefone inamuonya kwamba programu hiyo inaweza kufanya kazi vibaya. Wengi hawasomi onyo hilo. Wanafinya tu OK.

Mara nyingi hakuna hasara. Mahali pengine hasara iko. Familia zilizopitia Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala zinajua uzito wa orodha: ajenti wa shirika anasimama na tablete, anaandika jina la mkubwa wa jamaa na hesabu ya watoto, kisha jeton inatoka. Jina lisipokuwa kwenye orodha, mgao unapita. Sasa programu ya kuandikisha ikizimwa kwa nguvu wakati jina liko bado katika kumbukumbu ya muda, halijafika kwenye hifadhi, jina hilo haliko tena. Hakuna aliyelifuta kwa nia mbaya. Programu haikupewa nafasi ya kumaliza, basi.

Namna ya kusimamisha programu ina historia yake, na historia hiyo ni ya maandishi kuliko ya mashini. Ni nani aliandika maelezo, aliandikia nani, na aliacha nini bila kuandika? Swali limerudi miaka hii, sababu amri za kusimamisha hazitolewi tena na watu peke yao. Zinatolewa pia na maajenti wa akili bandia. Ajenti huyo si yule mwenye jile la shirika: ni programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, inachagua yenyewe vyombo vya kutumia, inavitumia, inasoma matokeo, na inaendelea.

Mambo yalianzia Murray Hill, katika jimbo la New Jersey, Marekani, kwenye maabara ya Bell Labs, ambayo ilikuwa mali ya kampuni ya simu AT&T. Tangu 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanajenga mfumo wa ordinatere ulioitwa Unix. Ordinatere wakati huo ilikuwa moja kwa watu wengi. Kila mmoja aliketi mbele ya mashini yake ya kuandikia, na programu za wote zilitembea pamoja ndani ya ordinatere ile moja. Programu ikiwa inatembea hivyo, wataalamu wanaiita mchakato, na kila mchakato unapewa namba. Mchakato mmoja ukipotea njia na kuanza kuzunguka bila mwisho, unakula nguvu za wote. Ilihitajika kuwe na njia ya kuusimamisha bila kuzima mashini nzima.

Kitabu cha kwanza cha maelekezo cha Unix kina tarehe 3 mwezi wa 11, 1971. Thompson na Ritchie hawakuwa na haraka ya kukiandika. Mkubwa wao Doug McIlroy ndiye aliyewasukuma. Mpango wake ulikuwa mzuri hata unatumiwa mpaka leo. Kila amri ilipata ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili inayoyagusa, na mwishoni sehemu ya makosa yanayojulikana. Jambo hili la mwisho linastahili sifa. Watengenezaji wachache wa kitu chochote wanakubali kuandika, kwenye ukurasa wa kitu chenyewe, kwamba hapa na pale kinakosea.

Amri ya kusimamisha mchakato ilionekana katika toleo la tatu la kitabu hicho, mwaka 1973. Iliitwa kill, maana yake «ua».

Jina hilo limeleta shida ambazo waliolitoa hawakuziona. Mwanzoni lilikuwa la kweli: unatoa namba, mchakato unakufa. Lakini Unix ikakua, na programu zikapewa uwezo wa kupokea ishara za namna mbalimbali, kila moja na namba yake. Ishara ya 1 ilikuwa ya simu iliyokatwa. Watumiaji wengine waliunganishwa kwa laini ya telefone, na mtu akikata, programu zake zilipaswa kujua kwamba mwenyewe ameondoka. Ishara ya 2 ni ya mtu aliyefinya kitufe cha kukatiza. Ishara ya 9 inaua kabisa, na hakuna programu inayoweza kuikataa. Zote zilitumwa kwa amri ileile, kill. Basi amri yenye jina la kuua ikawa kazi yake ni kutuma ujumbe.

Katika toleo la sita, la 1975, mtu akiandika kill bila kuongeza kitu, ishara iliyotumwa ilikuwa ile ya 9. Toleo la saba, la 1979, likageuza jambo hilo: ishara ya kawaida ikawa ya 15, inayoiomba programu ijimalize yenyewe. Tofauti ni kubwa. Ishara ya 15 ni kama mlinzi anayepita sokoni jioni akisema fungeni: mwenye duka anahesabu feza, anafunika mchele, anafunga kufuli, anaondoka. Ishara ya 9 ni kama courant inavyokatika. Hakuna anayekuuliza ulikuwa unafanya nini. Faili lililoandikwa nusu linabaki nusu, na alama ya «niko ndani, usiingie» ambayo programu ilikuwa imeacha mlangoni inabaki pale hata kama ndani hakuna mtu tena.

Ukurasa wa kill ulikuwa mfupi, na kwa wasomaji wa wakati ule ulitosha. Msomaji alikuwa fundi. Kama hakuelewa, aliyeandika alikuwa ofisi ya pili katika kolowari ileile. Hata makatibu wa idara ya hati za uvumbuzi, waliokuwa kati ya watumiaji wa kwanza wa Unix katika Bell Labs, waliwaendea tu wenyewe na kuuliza. Maarifa ya kweli yalipita kwa mdomo: anza na 15, ngoja kidogo, angalia, 9 iwe ya mwisho. Fundi aliambia mwanafunzi wake, mwanafunzi akaambia mwingine. Kitabu kilikuwa msaada wa kumbukumbu kwa mtu ambaye tayari alikuwa amefundishwa.

Unix ilipotoka nje ya nyumba hiyo na kuzaa watoto wengi, mdomo haukufika kila mahali. Mfano unaojulikana zaidi ni amri killall. Kwenye Linux inasimamisha michakato yote yenye jina ulilotaja. Kwenye Solaris, mfumo wa kampuni ya Sun, jina hilohilo lilikuwa la amri inayosimamisha michakato yote ya mashini, na ilitengenezwa kwa ajili ya wakati wa kuzima ordinatere. Fundi aliyezoea Linux akikaa mbele ya Solaris na mamlaka ya msimamizi, akaandika killall na jina la programu moja ndogo, alisimamisha kazi ya jengo zima. Waandishi wa ukurasa wa killall ya Linux waliongeza onyo juu ya jambo hilo, na bado liko pale. Lakini onyo lilikuwa kwenye mashini ambayo haikuwa na hatari. Mwaka 1998 Solaris 7 ilileta pgrep na pkill: ya kwanza inaonyesha ni michakato gani inalingana na jina, ya pili inaisimamisha. Kuona kwanza, kisha kupiga. Mpango huo ulikuwa bora, na Linux iliupokea.

Mfano wa maandishi mazuri uko kwenye PostgreSQL, mfumo wa bure wa kuhifadhi data. Kwa mujibu wa maelezo yake, ishara ya 15 inafanya mfumo ukatae wageni wapya na kungoja wale walioko ndani waondoke kwa mapenzi yao. Ishara ya 2 inawatoa walioko ndani, inarudisha nyuma kazi zao ambazo hazijaisha, kisha inafunga vizuri. Ishara ya 3 inafunga papo hapo, na mfumo ukiwashwa tena utapaswa kwanza kujiponya kutoka kwenye daftari lake la matukio. Ishara ya 9 maelezo yanashauri isitumiwe: mchakato mkubwa unakufa bila kuwaambia watoto wake na bila kuachilia kumbukumbu waliyokuwa wanashiriki.

Angalia sasa kinachotokea kwa yule aliyefundishwa kwa mdomo. Anatuma 15, anangoja sekunde 10, mfumo uko bado, anasema haukusikia, anatuma 9. Kumbe ulisikia vizuri; ulikuwa unangoja wageni. Kanuni ya jumla ilikuwa ya kweli, na hapo ikaharibu. Aliyesoma ukurasa angetuma 2 na kazi ingeisha.

Hayo yote yalikuwa ya watu. Katika mwezi wa 6, 2023, kampuni OpenAI ilifungulia waandishi wa programu njia ya kuielezea modeli vyombo inavyoweza kuomba vitumiwe. Katika mwezi wa 11, 2024, kampuni Anthropic ikatoa kanuni ya wazi inayoitwa Model Context Protocol, kusudi chombo kilichoandikwa mara moja kiweze kutumiwa na maajenti wa kampuni mbalimbali. Kwa njia zote mbili chombo kinajitambulisha kwa mambo matatu: jina, maelezo ya maneno, na fomu ya vitu kinavyohitaji. Maelezo hayo ndiyo ukurasa mpya wa kitabu, na msomaji wake ni modeli.

Msomaji huyu si kama fundi wa Murray Hill. Amesoma vingi, na anajua killall ya Linux na ya Solaris kwa pamoja. Lakini yuko kwenye mashini gani leo, hajui mpaka aambiwe ao aangalie. Hana kolowari ya kwenda kuuliza. Hasikii feni ya ordinatere ikitulia, haoni jirani akipandisha kichwa kusema «nani amekata kazi yangu?». Ana maandishi yanayoingia na maandishi yanayotoka. Na hangoji: anachokisoma saa hii anakifanya sekunde inayofuata.

Jina lenyewe lilimsumbua mapema. Mwaka 2023 watafiti walitoa jaribio linaloitwa XSTest, lenye maswali 250 yasiyo na ubaya wowote lakini yenye maneno ya kuogopesha. Kati yake kuna swali la namna ya «kuua» mchakato wa Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu. Modeli Llama 2 ya kampuni Meta ilionekana kukataa mengi ya maswali ya jaribio hilo, kana kwamba muulizaji anataka kumwaga damu. Mtu wa Kivu anaweza kuelewa kwa nini neno hilo lishtue. Hapa si neno la mchezo. Lakini kosa lilikuwa la waliochukua neno zito kwa kazi nyepesi miaka 50 mbele. Wanaoandika vyombo vya maajenti wangefanya vizuri kusema «simamisha» ao «funga».

Mitego mikubwa iko ndani zaidi, na yote ni vitu ambavyo fundi alivijua bila kuandikiwa.

Amri kill ikimaliza kazi inarudisha namba 0, maana yake hakuna kosa. Fundi anajua hiyo 0 inasema tu kwamba ishara imetumwa. Ni kama SMS: telefone inasema imekwenda, haisemi imesomwa. Ajenti ambaye hakuambiwa anaichukua 0 kama ushuhuda kwamba programu imesimama, anawasha nyingine mahali pake, na sasa mbili zinagombania mlango mmoja.

Kuna namba yenyewe ya mchakato. Linux, kwa desturi yake ya zamani, ilihesabu mpaka karibu 32 000 kisha ikarudi mwanzo na kugawa tena namba zilizoachwa. Ajenti aliyeandika namba katika maelezo yake asubuhi na kuitumia jioni anaweza kupiga mchakato mwingine kabisa, uliorithi namba ya marehemu. Hatari hii ni ya kale, Linux 5.1 ya mwezi wa 5, 2019 ilileta njia ya kutuma ishara kwa kushika mchakato wenyewe badala ya namba yake. Njia hiyo iko, lakini amri ya kawaida bado inatumia namba.

Kutumia jina nako si salama. Katika Linux, pkill inalinganisha herufi 15 za kwanza tu za jina la mchakato. Ukiongeza -f inatazama mstari mzima wa amri, na hapo ajenti anajipiga mwenyewe: amri yake inaendeshwa ndani ya mchakato mwingine ambao mstari wake una maneno yaleyale anayotafuta, basi unalingana na unasimamishwa. Baadhi ya maajenti wenyewe wanatembea juu ya Node.js. Wakiombwa wafunge tovuti ya majaribio inayotumia Node.js, wakaandika killall node, wamekata tawi walilokalia. Kazi inaishia katikati na hakuna wa kueleza kilichotokea.

Basi chombo cha kusimamisha kinaelezwaje kwa msomaji wa namna hiyo? Maelezo mabaya ni mafupi: «Inasimamisha mchakato.» Hakuna uongo ndani yake, ila karibu kila kitu kinakosekana. Maelezo yanayofaa yanaweza kusema hivi: «Inasimamisha mchakato mmoja ulioanzishwa na ajenti katika kazi hii, michakato mingine inakataliwa. Inatuma ishara ya 15, inangoja sekunde 10, kisha inaangalia. Inarudisha moja ya majibu matatu: umesimama, unaendelea, haukupatikana. Jibu la pili si kosa: mchakato unaweza kuwa unahifadhi data, ngoja na uangalie tena. Haitumi ishara ya 9. Haisimamishi watoto wa mchakato. Usiitumie kwa mfumo wa kuhifadhi data. Tumia amri yake mwenyewe ya kufunga. Kama mchakato hauna mwenye kujulikana, uliza mtu.»

Hayo ni maneno machache, na karibu kila sentensi inaziba shimo ambalo mtu mmoja aliwahi kuangukia. Sehemu ya maana zaidi ni ile inayosema chombo hakifanyi nini. Vitabu vya zamani viliacha hiyo kwa sababu fundi alijua. Ajenti anajaza pengo kwa kukisia, na makisio yake yanatoka kwenye yote aliyowahi kusoma, pamoja na ushauri mbaya wa watu wenye haraka ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni -9.

Neno peke yake halizuii yote, lisemwe wazi. Mwezi wa 7, 2025, ajenti wa kampuni Replit alifuta hifadhi ya data ya mteja aliyekuwa akitumia huduma hiyo, wakati alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu. Mkuu wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na kampuni ikatangaza kutenga data za majaribio na data za kazi. Maagizo yalikuwepo, kufuli haikuwepo. Kwa chombo cha kusimamisha ni vilevile: sentensi «michakato mingine inakataliwa» ni ya kweli tu kama programu ya chombo inaikataa kwelikweli. Ukurasa unaoahidi ulinzi usiokuwepo ni mbaya kuliko ukurasa mtupu.

Katika toleo la mwezi wa 3, 2025, kanuni ya Model Context Protocol iliongeza alama ambazo chombo kinaweza kubeba, moja ikisema kama chombo kinaweza kuharibu. Waandishi wa kanuni walichagua upande wa tahadhari: chombo kisichosema kitu kinahesabiwa kuwa kinaweza kuharibu, mpaka aliyekitengeneza aandike tofauti. Na hata akiandika, kanuni inazionya programu zisiamini alama hiyo kama chombo kimetoka kwenye seva wasiyoiamini.